Fomu Niliyokusomea Kiwandani

Mpendwa Baba,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nilikuwa na miaka mingi ya kukwambia jambo hili ukiwa hai, na sikukwambia.

Unakumbuka kiwanda cha pamba karibu na Mbumbuni, kule ulikohudumia mashine ya kutenganisha pamba na mbegu tangu nikiwa mtoto mchanga. Kila Desemba Kampuni ilileta fomu za kupima utendaji kutoka Nairobi. Kila mkubwa alijaza moja kwa kila mtu aliye chini yake, na Januari zikaja barua: fulani ameongezwa mshahara, fulani amepandishwa cheo. Wewe ulikuwa unaambiwa, "Mwaka ujao, Mzee." Vijana uliowafunza kazi wakawa wakubwa wako, mmoja baada ya mwingine.

Halafu Kampuni ikaniajiri mimi, na baada ya miaka michache nikafanywa meneja msaidizi, sehemu yako ikiwa chini yangu. Asubuhi ya kwanza ulivua kofia. "Habari ya asubuhi, Bwana Muthama." Nilitamani kujificha. Saa ya chakula ukaniinamia sikioni, "Hapa wewe ni mkubwa. Nyumbani utaniletea maji ya kunawa." Tukacheka mpaka watu wakageuka kutuangalia.

Desemba hiyo nafasi ya msimamizi wa zamu ilikuwa wazi, na wote tulijua ni yako. Meneja wa wafanyakazi akaniita ofisini kwake. Hakunitisha, alinimiminia chai. "Baba yako akipata alama za juu kutoka kwa mkono wako, Nairobi watasema nini? Na jina lako pia liko mezani kwao."

Nikarudi kwenye meza yangu nikakuwekea alama ya wastani. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba wewe ni mzito, na kwamba hufai kuongoza watu. Ulikuwa ukiweka kiganja juu ya mashine inayonguruma na kujua meno gani yameziba. Na bado niliandika hivyo.

Sheria ilikuwa mfanyakazi asome ndipo atie sahihi. Biblia ya Kikamba uliisoma vizuri, lakini Kiingereza hapana. Ulikuja ukijipangusa mikono kwenye ovaroli.

"Nisomee, mwanangu. Umeniandika namna gani?"

Nikasoma kisichokuwepo. "Hodari. Mwaminifu. Anafaa kuongoza wenzake."

"Kuongoza? Iko hapo?"

"Iko, Baba."

Ukatia sahihi polepole, majina yako yote matatu.

Januari nikapewa cheo kipya, kwenda Nairobi. Kazi ya msimamizi akapewa Kimeu, kijana uliyemfunza kutia mashine mafuta. Barua yako ilisema hakuna nyongeza mwaka huo. Jumapili ulisimama kanisani ukasema, "Nairobi wamenikataa, lakini namshukuru Mungu, mtoto wangu aliandika ukweli juu yangu." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Miaka miwili baadaye ukaacha kazi kabla ya wakati wako. Ulisema umechoka, na tukaamini. Kila likizo nilipokuja uliniuliza habari za Nairobi kwa ile sauti yako ya juu ambayo mashine ilikuachia, na kila likizo niliondoka bila kusema. Mwisho kifua kikakushinda.

Mwezi uliopita nilimwambia mama, Mwaitu wetu, yote. Alikuwa akichagua ndengu kwenye ungo, na hakuinua kichwa.

"Mbona unaniambia mimi?"

"Kwa sababu Baba hayuko."

"Kimeu yuko," akasema. "Nenda umwambie yeye kazi yake ilitoka wapi."

Nikaenda. Kimeu sasa ana duka la mbegu sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa duka, akaketi juu ya gunia.

"Nakala za zile fomu zilikuwa kwenye kabati la ofisi yangu," akasema. "Mzee alikuja siku moja akaniuliza kwa nini Nairobi walimkataa mtu aliyesifiwa vile. Nikatoa fomu nikamsomea. Mimi sikujua wewe ulimsomea nini."

"Alisema nini?"

"Aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akaniomba nisimwambie mtu, hasa mama yako. Kesho yake akaleta barua ya kuacha kazi."

Kwa hivyo ulijua, Baba. Likizo zile zote, ukinisogezea kiti, ukimwita jirani aje amsalimie kijana wako wa Nairobi, ulijua. Nilikuwa nimejitayarisha kukuomba msamaha kwa jambo usilolijua. Kwa hili la wewe kujua na kuninyamazia miaka yote hiyo sijui niombeje.

Pumzika, Baba. Mwaitu mzima, na mvua imenyesha.

Ni mimi mwanao,
Muthama