Bonge la Tope kwa Bwana Mtaalamu

9 Februari

Bwana Mtaalamu,

Salamu. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanisumbua. Wewe sikuulizi hali, maana aliyeweza kusaini uongo ule bila shaka ana afya tele.

Karatasi yako imebandikwa mlangoni kwa mwenyekiti: "Kinamasi ni kikavu, hakina viumbe hai vya maana. Kifukiwe, lijengwe ghala." Chini yake saini yako! Nimeisoma mbele ya wasukaji wenzangu, aibu yote ikawa yangu. Mafunjo ninayosukia mikeka, yaliyokusomesha wewe, leo si ya maana? Si nilikupasulia bua ukaona vitundu vya hewa? Hewa ile ndiyo inashuka hadi mizizini, mmea ukasimama majini bila kuoza. Ulielewa ukiwa na miaka sita, enzi nakuita Chura wangu kwa kushinda majini. Sasa umesoma, umesahau!

Mama yako

20 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo. Usinihukumu hivyo, mama. Nilikagua siku mbili nzima. Mafunjo yamekauka, ardhi imepasuka nyufa, hata chura sikumwona. Kazi yangu ni kuandika ninachokiona. Malori ya kifusi yanaanza katikati ya mwezi ujao na bosi alitaka ripoti. Ningeandika nini?

Mwanao

27 Februari

Bwana Mtaalamu,

Mgongo umepona kwa hasira. Ungeandika nini, eti! Ungevua buti kwanza. Nani alikufundisha kuingia kinamasini na buti? Kiangazi tunakwenda pekupeku, tunagonga kwa kisigino, na pakilia uwazi tunainama kutafuta kitundu cha kupitisha kidole. Chini yake kamongo amejikunja ndani ya ute wake uliokauka, samaki mzima anavuta hewa kama mimi na wewe, anangoja mvua. Miezi na miezi! Umepita juu ya vichwa vyao, halafu umeandika hawapo.

Kondakta wa basi atakupa bonge la tope. Usilivunje. Liweke kwenye beseni mezani kwa bosi wako, mimina maji, mkae kimya.

Mama yako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Bonge lilifika. Bosi akacheka, eti mama yako ametuletea tofali? Baada ya saa nzima tope likajongea, kamongo akatoka, mrefu kama mkono wangu, akainua pua juu ya maji akavuta pumzi. Tuliisikia wote. Bosi alipanda kwenye kiti! Aliposhuka akasema, "Samaki mmoja si ripoti. Katupe."

Sijawahi kukasirika hivi, na zaidi nimejikasirikia mwenyewe. Nimefuta saini yangu kwa barua yenye muhuri. Nakala nimeifunga humu. Bila saini ya mkaguzi, kazi hairuhusiwi kuanza. Mchana huohuo nimefukuzwa. Kamongo yuko chumbani kwangu. Nisamehe, mama.

Chura wako

16 Machi

Chura wangu,

Hujambo? Unakula? Leo nakuuliza.

Barua imefika lori la kwanza likiwa limeshaanza kuinua bodi. Nimesimama nyuma yake nikamsomea dereva mwanzo mpaka mwisho, na muhuri nikamwonyesha. Akasema yeye ametumwa tu. Nikamwambia basi amwage, aanze na mimi. Akazima injini.

Malori matatu yamesimama barabarani yakingoja amri ya ofisi. Sisi wasukaji kumi na mmoja tumetandika mikeka mbele yao, hatuondoki.

Njoo. Mlete na kamongo, umfunike kwa kitambaa kibichi. Buti ziache hukohuko.

Mama yako