Jina Lako kwenye Kizingiti cha Malawi

Mama Rehema,

Nimemaliza sala ya asubuhi, cherehani bado sijaifunua. Nimeona nikuandikie kabla wateja hawajaanza kupiga hodi, maana kuna jambo nimelifanya bila wewe, na wewe ndiye ningekuuliza kwanza.

Nilimruhusu Rehema aende Malawi.

Ngoja nikueleze vizuri. Pale chuoni kwake Nyegezi wanafunzi walijikusanya kwenda kujitolea, kuwajengea watu ambao nyumba zao zilibomolewa na mafuriko. Rehema akajiandikisha. Tatizo likawa tarehe. Safari iliangukia wiki ileile tuliyopanga kukujengea kaburi, na unajua kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye anayeweka tofali la kwanza. Asipokuwepo, halijengwi.

Ukoo ukakaa. Dada yangu Modesta, wifi yako, hajabadilika, mdomo ni uleule. Akasema mbele ya wazee wote, "Mathias, mtoto anakwenda kujengea watu asiowajua, na mama yake mzazi amelala chini ya kifusi! Hana hata tofali!" Mwingine akadakia kwamba utakasirika, utatujia ndotoni.

Hilo la tofali liliniuma, sikufichi. Nilipiga magoti siku nyingi. Mpaka nikakumbuka ulivyokuwa unaniambia ukinikuta nimeinama muda mrefu pale kitandani: "Baba Rehema, Mungu ameshasikia. Inuka sasa." Nikainuka. Nikawaambia ukoo, kaburi litasubiri, mwenyewe hana haraka. Watu wa Malawi wananyeshewa.

Halafu nikamshonea suruali ya kazi. Ndiyo, suruali! Wewe uliyezikataa ndani ya nyumba hii. Kaki nzito, mifuko mirefu, magotini nimeongeza kitambaa. Alipoivaa akasema, "Baba, mama angenifukuza." Nikamwambia, "Angekufukuza mpaka njiani, halafu angekuita urudi ule." Tukacheka. Tukalia pia. Basi tu.

Kule walipangiwa nyumba ya bibi mmoja mjane. Rehema anasema ukuta wake wa kwanza ulipinda mpaka fundi akaubomoa mbele ya wenzake. Bibi akawa anamletea uji palepale kwenye matofali. Lugha hawaelewani, ni ishara na kucheka tu. Siku moja bibi akamuuliza kupitia kwa mkalimani: mama yako ni nani, aliyekubali uje mbali hivi?  Rehema alilia hapohapo, mikono imejaa saruji. Mkalimani akamweleza bibi kwamba mama yake amefariki. Siku ya kumwaga zege la kizingiti alimshika mkono, akamwonyesha zege bado bichi. Mwandike mama yako hapo, mkalimani akatafsiri.

Akaandika kwa kidole: VERONIKA.

Mke wangu, wewe uliyekuwa unafumba macho tukipanda kivuko pale Kigongo, kwenda Busisi tu hapo, jina lako liko Malawi! Bibi wa watu analifagia kila asubuhi. Modesta alisema huna tofali. Una nyumba nzima.

Siku hizi tunavuka ziwa kwa daraja, usingefumba macho tena. Jumamosi iliyopita tulivuka na matofali yetu, tukaja kwako. Rehema alivaa suruali ileile. Akaweka tofali la kwanza, nikadhani atampisha fundi. Wapi! Akaweka la pili, akaendelea, fundi tuliyemkodi akabaki kumchanganyia saruji.  Modesta akamtazama mtoto weee, kisha akasema kwa sauti, "Na hii suruali!"

Nikajisemea, haya, limekuja.

"Mathias, fundi mzima, umeshindwa kumtia mtoto mkanda? Si inamvuka hii!" Akafungua kanga yake ya juu, akamfunga Rehema kiunoni, akaikaza. Akachukua ndoo, akateremka ziwani. Maji yote yaliyokujengea, Mama Rehema, kayabeba wifi yako kichwani, na alikuwa anaimba zile tenzi zako za kanisani.

Upande wa miguuni umepinda kidogo. Fundi alitaka kuunyoosha, nikamkatalia. Huo ni mkono wa mwanao, nikamwambia auache ulivyo. Na jina lako hatukulichonga. Rehema alikuandika kwa kidole, kama kule.

Sasa anasema wanataka kwenda tena, mbali zaidi. Moyo wangu unaruka, nyumba ni kimya mno akiondoka. Lakini nakuahidi sitamshika. Nitapiga magoti kidogo tu, halafu nitainuka nimshonee suruali nyingine, safari hii na mkanda.

Pumzika kwa Bwana, Veronika wangu. Kuna mtu anapiga hodi, amekuja kuchukua gauni lake la ubarikio. Nainuka.

Mumeo,
Baba Rehema