Kutoboa Kadi Bila Kuangalia Mikono

Nairobi, Jumapili

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Hujambo? Mguu wako unaendeleaje, na mvua imefika Tawa ama bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Mwende dada yangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole, usiruke mahali ninapokutaja.

Mama, kazi nimepata! Miezi ya majaribio imeisha, sasa nimeandikwa kabisa. Lakini nusura nirudishwe nyumbani.

Hapa tunatoboa kadi za kompyuta. Hiyo kompyuta ni kubwa kushinda ghala letu, na chumba chake kina baridi mpaka tunavaa sweta mchana. Fomu zikija, mimi nabonyeza herufi kwenye mashine, kadi inatobolewa matundu, halafu kompyuta inayasoma. Bili za stima, majina ya watoto wa mtihani, siku hizi yote yanapita huku. Kazi ya makarani ya wiki nzima inaisha kabla ya chai ya saa nne. Hata jina la Mwende litapita hapa, kwa hivyo asome.

Shida yangu ilikuwa macho. Yanatakiwa yakae kwa fomu, na mimi kila herufi nainama kuitafuta. Supavaiza wetu, mama mmoja mkali ajabu, aliniambia, "Mumbua, Ijumaa nawapima. Ukiangalia mikono, funga mizigo." Nilienda chooni nikalia, sikufichi.

Alhamisi, saa ya chakula, nilikaa nje nikisuka kiondo. Ndiyo, kile kikapu ulichonipa nikakuambia wasichana wa Nairobi hawasuki! Rafiki yangu Achieng akashangaa, "Wewe, mbona hapo huangalii mikono?" Kumbe kweli, nilikuwa nasuka nikimtazama yeye. Nikakukumbuka ukipanda mlima na kuni mgongoni, unasuka, unatugombeza, na hakuna mstari umeharibika. Nami utotoni nikiinama kuangalia, unanipa kofi! "Wacha vidole vifanye kazi yao!"

Basi Ijumaa nilifunika mikono na leso. Wenzangu walicheka sana. Nikatoboa kadi zote bila kuinamisha kichwa, nikawashinda hata waliosomea taipu chuoni. Wacha nijisifu kidogo.

Supavaiza akaangalia kadi zangu, akaniuliza, "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Ni opereta wa ofisi gani?"

"Ni mkulima huko Tawa. Kompyuta hajawahi kuiona."

Alizipanga kadi zangu vizuri mezani. Halafu akasema, "Mwandikie. Mwambie asante."

Karatasi inaisha. Nisalimie baba, na susu, nyanya yetu aliyesema sukari ya Nairobi itanimaliza meno, mwambie bado yapo yote. Shangazi wa kwaya naye asinisahau kwa maombi.

Mama, hiyo asante niliyokuandikia ni ya ofisi. Yangu haiwezi kuenea kwenye barua, nitaileta mwenyewe Krismasi.

Ni mimi binti yako,
Mumbua