Majivu kwenye Chupa za Nyamizi

Jumatatu, 7 Julai
Nimeosha tena chupa za Nyamizi. Mwanangu huyu anasomea kemia chuoni, na kaazimwa maabara ya shule hapa Tabora likizo yote. Shuleni maji hayatoki, vyombo analeta nyumbani. Kasema nisuuze tu na maji aliyochemsha. Kusuuza tu? Chombo kikitoka jikoni kwangu lazima king'ae. Nimezisugua kwa majivu, kama sufuria. Nikasuuza mara moja.

Alhamisi, 10 Julai
Kazi ya Nyamizi imekubali! Anatengeneza kitu kinaitwa salfoni, cha kuundia dawa. Wengine wanakipikia kwenye vimiminika vya sumu vinavyoharibu mito. Yeye kwa maji matupu. Sielewi, ila mtaa wetu wote wa Ng'ambo nimeshautangazia. Mama Zuhura wa duka la kanga kauliza, kama dawa siku hizi inatoka kwenye maji, mbona mimi mama wa daktari magoti bado yananiuma. Wivu tu.

Jumatano, 6 Agosti
Nyamizi kapiga simu kutoka chuoni, analia. Kule haikubali. Maji yale yale, unga ule ule wa kemikali. Mwalimu wake anasema matokeo ya Tabora kayapika. Asipoyarudia mwezi huu, utafiti wote unatupwa. Mwanangu mwongo? Niliyemzaa mimi? Sielewi kitu.

Alhamisi, 7 Agosti
Ugali umeungua. Nawaza yale majivu. Labda hayahusiki. Labda ndiyo yaliyoharibu. Nikisema, ataniona mjinga. Nikinyamaza, utafiti wake wanautupa. Mama Zuhura kaulizia habari za Nyamizi, “daktari wangu” anavyomwita. Nikasema hajambo.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani nimetoka kabla ya ibada kwisha. Nikarudi nyumbani, nikampigia Nyamizi. Nimemwambia yote.
"Mama, ulisuuza vizuri baadaye?"
"Kidogo."
Nikajua nimemmaliza mwanangu kwa mikono yangu.
"Nitumie kopo la majivu. Usiyachekeche."
Akakata. Hata kwaheri hakuna. Kakasirika? Kafurahi? Sijui. Nimejaza makopo mawili.

Jumanne, 19 Agosti
Nyamizi kapiga simu: kwa majivu imekubali, mara mbili. Bila majivu, hapana. Eti ndani ya majivu mna kitu kama magadi kinachoisukuma kazi. Mwalimu kamwomba radhi.
Ng'ambo sijawaambia. Nitaanzia wapi?
Asubuhi nimezoa majivu jikoni, nikaenda nayo kwenye koleo hadi shimo la taka. Nikasimama pale.
Nikayarudisha ndani.