Kibano cha Memware

Kindu, siku ya ine, magaribi

Hakuna muntu wa bahati kama mimi katika Kindu yote! Barua ya Kinshasa imefika. Mukaguzi wa breve, ile karatasi inayosema uvumbuzi ni wako, amesoma ombi langu. Anasema bati la aluminiyumu la kupoza kadi za memware, zile zinazotunza kumbukumbu ndani ya ordinatere, ni kusema kompyuta, linajulikana Ulaya tangu zamani. Lakini kibano kinachoshika bati bila vis, bila musumari wa kuzungusha, hajakiona popote!

Kule ofisi ya reli niliwaambia wenzangu: "Nilikiota! Bahati iko ndani ya damu."

Mumoja akauliza: "Sitwayen, mwananchi wetu, utatukumbuka ukifika Ulaya?"

"Nitawatumia theluji ndani ya bahasha!"

Sasa mukaguzi anaomba tu nitie sahihi kwamba mimi peke yangu nilikivumbua.

Kalamu iko mukononi. Mama Zawadi, bibi yangu, ameuliza kama wamekubali. Nimejibu: bado kidogo.

Sikuota kitu. Njo yeye alikunja resori, ule waya wa springi unaobana mizigo nyuma ya velo, baiskeli yetu, akafanya kibano, akasema: "Baba Zawadi, jaribu hii, acha kununa." Mimi nilichora tu, kisha nikaandika jina langu.