Mkono wa Kushoto wa Koku

Kanoni, Karagwe,
11 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Benitha,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kuwa soksi yangu ya bluu, ile ya kanisani, haiko nami tena. Imeacha mwenza mmoja, anayekaa sandukuni bila kazi. Mazishi hayatakuwapo, kwa kuwa marehemu ameajiriwa upya, na ajira hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Lakini kwanza, shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo huko Newala? Kifua kimepona? Sisi wazima. Kahawa imeiva yote kwa mpigo na mgongo wangu una habari hizo. Mama anasikia vizuri, ila anachotaka kusikia tu.

Sasa binti yako uliyetuachia tumlee. Mwezi wa tano uliridhia Koku aanze mazoezi kwa Mwalimu Anatory, yule wa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Alirudi kutoka semina na jambo lililoniacha mdomo wazi. Wataalamu waliochunguza ubongo wa nyani waliona kwamba nyani aliyepoteza hisia katika mkono mmoja huuacha tu ukining'inia, hata kama bado angeweza kuutumia. Walipomzuilia ule mzima, akaanza kuutumia ule alioutelekeza. Ndipo watoto kama Koku, wenye udhaifu upande mmoja, wakaanza kuvikwa kitu laini kwenye mkono mzima. Ni saa mbili kwa siku, wakicheza, mtu mzima akiwa kando.

Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mjukuu wangu ni nyani?"

"Hapana, mama. Ubongo tu ndio unafanana kidogo."

"Basi wa huyu unafanana zaidi," akasema, akininyooshea mimi kidole.

Mkono wa kushoto, ule mzima, ukavishwa soksi. Wa kulia ukapewa kazi ya kuokota kahawa mbivu mojamoja kwenye ungo na kuzitia koponi. Wiki ya kwanza zilikuwa punje tatu na machozi. Wiki ya sita Koku alimpelekea Mama kahawa ya kutafuna, akampa kwa mkono wa kulia. Unajua majirani walivyomsema kwa kutoa vitu kwa kushoto, kana kwamba hakulelewa. Mama aliishika ile punje hadi jioni, hakuitafuna.

Mimi nikalewa sifa, utadhani ubongo nimeuumba mwenyewe.

Mke wangu Vero anakusalimu sana, na Mama, na binamu yetu Lameck wa Kimuli. Mungu akufunike kwa mkono wake. Nimetanguliza salamu makusudi, maana yanayofuata yakikukasirisha, wao hawamo.

Kwenye simu nilikwambia Koku aliteleza kwenye maganda ya ndizi akavunjika jino. Haikuwa hivyo.

Nilijiambia, ikiwa saa mbili zimeleta haya, kutwa nzima je? Jumamosi ile soksi ilikuwa inachomoka, nikaufunga mkono wake mzima kiunoni kwa kamba ya mgomba tangu asubuhi, nikaenda zangu kupiga soga kwa jirani Placidius. Koku akajikwaa kizingitini. Mkono wa kujikinga nilikuwa nimeufunga mimi. Aliangukia uso.

Hilo silo lililonishtua zaidi. Kesho yake, kabla ya ibada, alikuja mwenyewe na ile kamba, mdomo umevimba, akaninyooshea mkono wa kushoto. "Mjomba, leo nikitulia, utanifungua mapema?"

Benitha, miezi hii yote nimesimulia habari za ubongo wa nyani kwa kila mtu mzima aliyepita hapa nyumbani, hata wanunuzi wa kahawa. Koku hakuna aliyemweleza. Alidhani ni adhabu, kwa kosa la mkono wake kuwa dhaifu.

Nilimpigia magoti, mimi na mvi zangu, nikamweleza, nikamwomba radhi. Akanijibu, "Haya." Mwalimu naye alinisema. Anaamini mkono utaendelea kupona tukifuata saa zake, na Koku mwenyewe anaulizia kopo lake. Lakini sijauvika wala kuufunga tena. Mama yake ni wewe. Sema tuendelee, au sema nimlete Newala, nami nitatii.

Kaka yako akupendaye, na aliyekudanganya,
Rwezaura