Dari ya Jikoni kwa Mama

Kisii mjini, Jumapili jioni, Machi 1999

Mvua ilianza saa nane na bado haijakata. Nimerudi kutoka Manga kwa mama nikiwa nimelowa chepechepe, na hata nguo sijabadilisha. Nimekaa tu kitandani na daftari hili. Moyo umenivunjika, na wa kulaumiwa ni mimi.

Nianze na nyumba. Mwaka jana bosi wangu, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinunua programu ya kuchorea nyumba, akaniketisha mbele ya kompyuta kwa sababu nilisomea uchoraji wa ramani. Wateja walikuja kunitazama nikiinua kuta kwa kipanya. Sitaficha, kichwa kilinivimba. Nyumba yangu ya kwanza kutoka kwenye kompyuta na kujengwa ilikuwa ya mama yangu.

Dari ya sebule ilinichukua wiki nzima. Programu ile hukipa kila chumba dari bapa, bila kukuuliza. Ukitaka iliyoinuka katikati, unaifuta kwanza, kisha unachora vipande viwili vya mteremko na kuvikutanisha juu. Visipokutana sawasawa, unaona mwanya mweusi. Nilihangaika na mwanya ule mpaka ukazibika. Bosi alimwita hadi mkewe aje aone.

Dari ya jikoni sikuigusa.

Na mama alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, kwamba jiko lisiwe na dari. Anapikia kuni. Moshi unapanda hadi kwenye mabati, na huko juu ndiko anakoning'iniza mahindi ya mbegu, moshi uyakaushe na fukusi wasiyaguse. Ni mahindi mekundu, mafupi, aliyopewa na mama yake alipoolewa. Tangu hapo hajanunua mbegu dukani. Nilimwambia, "Mama, hilo ni jambo dogo." Na kweli lilikuwa dogo. Ningeingia chumba kile, nifute dari, basi. Nikasahau. Tena ukiitazama nyumba kutoka juu, programu huficha dari zote ili uone vyumba vizuri, kwa hiyo kila nilipolitazama jiko lilikuwa wazi, la kupendeza.

Fundi Ondieki alifunga safari hadi dukani kuniuliza. "Dada, hata jikoni tupige silingi?" Nilikuwa na mteja. Bila hata kugeuza shingo nikamjibu, "Fuata mchoro."

Akafuata mchoro.

Tangu mama ahamie mwezi wa nane nimekwenda mara mbili tu, zote kukiwa na wageni wa kanisa. Nilikaa sebuleni chini ya dari yangu nikipokea sifa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leo nilikwenda bila kupeleka habari. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha, ameinama chini ya bati lililoegemezwa ukutani, anapuliza moto. Mabega yalikuwa yamelowa. Nikamuuliza kwa nini hapikii ndani.

"Dari yako nyeupe hivyo, niipake masizi?" akasema, kama kwamba mimi ndiye niliyeuliza upuuzi.

Nikaingia jikoni. Kulikuwa safi kama chumba cha wageni. Kwenye kona kulikuwa na gunia, nikalifungua. Nilitoa hindi moja, likamomonyoka mkononi, fukusi wakanipanda hadi kwenye kiwiko. Nikatoa jingine. Nililimwaga gunia lote sakafuni nikitafuta hata hindi moja zima, na sikulipata.

Shamba lake limelimwa na halina kitu, wakati majirani wameshapanda. Amezunguka kwa wote aliowahi kuwagawia mbegu ile, dada zake wakiwamo. Wote walihamia mbegu za dukani zamani. Hakuna aliyebaki nayo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifuta mikono kwa leso, akaniambia taratibu, "Kemunto, kosa ni langu. Mimi ndiye sijui kukaa kwenye nyumba za kisasa. Nilijua ungeniachia jiko wazi kama mashine ingekubali. Nikaona basi, mashine imekataa."

Sikumsahihisha.

Alinimiminia uji, nikanywa. Nilisema tu kwamba dari ile inaweza kung'olewa. Akashtuka. Akauliza watu watasema nini juu ya kazi yangu. Alinisindikiza hadi barabarani na mwavuli wake mmoja, akinifunika mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza. Aliniambia nisihuzunike, ati mahindi ni mahindi tu. Lakini alipogeuka kurudi alipita kando ya lile shamba bila kulitazama.

Mbegu ya bibi imekwisha na siwezi kuirudisha. Ila kuna mwanamke kule Manga anayelala leo akiamini kwamba yeye ndiye mshamba aliyeshindwa na nyumba nzuri, na anaamini hivyo kwa sababu mimi nimemwacha aamini.

Kesho asubuhi nitamwomba bosi ruhusa. Nitapanda hadi Manga na nyundo, na kabla sijagusa msumari hata mmoja nitasimama mbele yake nimwambie, Mama, mashine haikukataa. Haikuombwa.